Plakete Mpya za Mama Maestro

Jumapili, alasiri. Mvua imeshuka kutoka milimani tangu tuliporudi kutoka misa, na ziwa limekuwa la kijivu hata ng'ambo haionekani. Njia ya kwetu imegeuka matope matupu, kwa hiyo hakuna mgeni atakayekuja. Nimekaa barazani na simu yangu, miguu nimeiweka juu ya kiti kingine. Nina furaha. Lakini ukiniuliza mara ya pili kama nina furaha, nitalia.

Yote ni kwa sababu ya plakete.

Asiyevaa miwani huenda hajui hata kama vitu hivyo vina jina. Ni vile vipande viwili vidogo vinavyokaa puani, kimoja kila upande, na ndivyo vinavyobeba miwani yote. Mafundi wa hapa Uvira wanaviita plakete. Vikiwa vizima unasahau kwamba vipo. Vikichakaa, utavifikiria kutwa nzima na hutawaza kingine.

Mama yangu simkumbuki bila miwani. Ameongoza kwaya ya parokia yetu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na mtaa mzima unamwita Mama Maestro, hata wauza makaa ambao hawajawahi kukanyaga kanisani. Lakini tangu Kwaresima hakuwa amesimama tena mbele ya kwaya. Plakete zake ziliisha kabisa, chuma kikabaki wazi, kikamla pua upande wa kushoto mpaka pakawa kidonda. Kidonda kikikaribia kupona, anavaa miwani, kinafumuka. Bila miwani haoni maneno ya nyimbo wala nyuso za waimbaji. Basi akakaa nyumbani. Akaniambia kwamba kama Jumapili ya mavuno ingefika naye hawezi kusimama, angemwachia Mama Sifa kwaya, moja kwa moja, na yeye angekaa kwenye benchi pamoja na wazee wengine. Alisema hivyo huku akichambua mchele, kana kwamba anasema kuhusu mtu mwingine.

Jumapili ya mavuno ni leo.

Sikutaka Mama Sifa apewe kwaya. Siyo kwamba ni mbaya. Ni mama mwema, sauti yake ya alto inaweza kubeba kanisa zima peke yake, na yeye mwenyewe alikuwa anaikimbia kazi hiyo. Ni mimi tu. Nina miaka arobaini na kitu, nafundisha darasa la nne, nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, lakini nikiingia kanisani nikakuta pale mbele amesimama mtu mwingine, nakuwa mtoto aliyepotezwa sokoni.

Miwani yenyewe ina historia. Fremu ni ya chuma, rangi ya dhahabu iliyokwisha kufifia, na baba alimletea kutoka Bujumbura enzi akifanya kazi kwenye meli za mizigo pale Kalundu. Vioo vimebadilishwa mara nyingi. Fremu haijabadilishwa kamwe, na tangu baba afariki hakuna anayethubutu hata kulitaja jambo hilo. Tatizo ni kwamba tangu siku ya kwanza haikumkaa. Iliteleza. Mama akiinama kuchochea moto, iko mdomoni. Akiinama kugeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga, iko kwenye ndagala.

Basi akawa anajitengenezea. Ninapofumba macho naona dawa zote za pua ya mama, kila mwaka na dawa yake. Kulikuwa na pamba iliyofungwa kwa sparadra, ile plasta ya vidonda. Kulikuwa na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, aliokata vipande kwa wembe, na uliomwachia alama nyeusi puani. Tukamcheka wiki nzima. Halafu ukaja wakati mzuri kuliko yote, wakati wa vitenge. Kila mara kwaya iliposhona sare mpya, mama aliomba masalio kwa fundi cherehani, akakata utepe mwembamba, akazungushia plakete kwa sindano na uzi. Miwani nayo ikavaa sare. Mwaka wa kitenge cha kijani ilikuwa ya kijani, mwaka wa samaki wa njano ilikuwa na nusu ya samaki. Waimbaji walikuwa wanachungulia pua yake kwanza kabla ya kusema sare imependeza.

Nina hamu na miaka ile. Nasema wazi. Nyumba ilikuwa na watu, baba alikuwa anarudi na harufu ya mazutu, mafuta ya meli, na mazoezi ya kwaya yalifanyika uani kwetu kila kanisa lilipoingia maji ya mvua.

Na kidole. Siwezi kuandika kuhusu mama bila kuandika kuhusu kidole. Hata na vitenge, miwani ilishuka, na yeye akaipandisha kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Akipika, kidole. Akitugombeza, kidole, halafu maneno. Akisali, kidole kabla ya Amina. Mkono wa kushoto wa mama haukuwa wa mama, ulikuwa wa miwani, na kazi za nyumba hii zilifanywa na ule mwingine.

Basi baada ya Pasaka niliamua kwamba jambo hili litakwisha.

Nilianza vibaya. Nilinunua sokoni vile visponji vya kubandika, vyenye gundi nyuma, laini kama mkate. Muuzaji alisema vimetoka mbali na vinashika. Labda vinashika kwa watu wa baridi. Hapa kwetu, kiangazi hicho, mama alitoka jasho, gundi ikalegea, na kisponji kimoja tukakikuta kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mama alikitoa na kijiko, akakiweka kando ya sahani, akaendelea kula. Mimi ndiye niliyeacha kula.

Ndipo nikaenda mtaa wa Kimanga, kwa fundi Amisi. Ana meza yake chini ya mwavuli mkubwa, na amepanga fremu kwenye kartoni kama mtu anayeuza nyuso. Anaongea kupita redio. Nikamwekea miwani ya mama mezani, naye akafungua kiboksi chake na kunionyesha: plakete ngumu za plastiki, plakete laini za silikoni, ndogo, kubwa, za kufunga kwa vise, zile skrubu ndogo, za kusukuma zikaingia zenyewe, na moja iliyounganishwa pande zote mbili, ambayo inapita juu ya pua kama daraja. Ngumu zinadumu, alisema, lakini jasho linazitelezesha. Za silikoni zinashika na hazichomi, ila zinageuka njano upesi na lazima uzibadilishe mara kwa mara. Pua yenye kidonda inataka kubwa, ili uzito usikae mahali pamoja.

Nikachagua silikoni za ukubwa wa kati. Nikavaa miwani, nikatikisa kichwa, nikainama mpaka chini pale pale Kimanga mbele ya watu. Haikusogea hata kidogo! Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mama akavaa. Ikambana juu, ikaacha wazi chini, ikashuka kama zamani.

Aliivua, akaniangalia kwa macho yale yasiyoona vizuri, akauliza nilipima kwa nani. Nikasema nilijipima mwenyewe. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Weye na baba yako!" alisema. "Na yeye alijipimaka mwenyewe kule Bujumbura. Alivaa hii maluneti kwenye pua yake, akaona iko muzuri, akaleta. Minye sikumuambia kitu. Muntu ametoka safari, anacheka, utamuambia nini?"

Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nilifikiri fremu ilikuwa na kasoro. Kumbe ilikuwa sawa kabisa, kwa pua ya baba, ambayo ni ndefu na imesimama, na ambayo nimeirithi mimi. Pua ya mama ni fupi na imejilaza vizuri usoni. Alivumilia fremu ya pua ya mumewe bila kumwambia, kwa sababu alikuja nayo akicheka. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Sijui kama mimi ningeweza kupenda mtu kiasi cha kuteleza hivyo maisha yangu yote.

Nikarudi kwa Amisi kulalamika. Hata hakunipa nafasi.

"Pua iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi ulete pua, mama. Minye sitengenezi kwa habari."

Kumtoa mama nyumbani ilikuwa kazi. Alisema hawezi kupeleka pua yake Kimanga watu waishike hadharani. Alisema jua ni kali, halafu alisema mawingu ni mazito. Nilimkumbusha Jumapili ya mavuno, akaenda kuvaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Kidonda kilikuwa kimekauka kwa sababu muuguzi alikuwa amemkataza kuvaa miwani wiki hizo, kwa hiyo nilimshika mkono njia nzima, nikimwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna maji. Alinishika kwa nguvu. Nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Amisi alikuwa na adabu ambayo sikuitegemea. Alimwita koko, yaani bibi, akamfutia kiti, akanawa mikono. Kwanza alimjaribisha ile plakete ya daraja. Mama akasema, "Hii inafunga pua yote, nitavuta pumuzi wapi?" Ikatolewa. Silikoni kubwa ndizo zilizomkaa, baada ya Amisi kuvipinda vile vimikono vyembamba vya chuma vinavyoshika plakete, huku na huku, akiangalia, akipinda tena. Akamwongezea vifuko laini vya kuvalisha mikono ya miwani nyuma ya masikio, visionekane chini ya kitambaa. Mama alivikubali. Kisha Amisi akatoa kamba nzuri nyeusi, ya kuning'iniza miwani shingoni.

"Apana," mama akasema. "Minye siko mbuzi."

Halafu akainama. Taratibu, kama mtu anayechungulia kisima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari hewani, karibu na uso, unangoja. Miwani haikushuka. Akainama zaidi. Haikushuka. Akabaki hivyo ameinama, akitazama viatu vyake, na Amisi kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza.

Mimi nilifurahi, na wakati huo huo nikaona ule mkono ukishuka polepole na kukaa mapajani, hauna kazi. Kidole kimestaafu, niliwaza. Nikajicheka kwa wazo hilo, lakini halikutoka.

Jana Jumamosi ndiyo yalikuwa mazoezi ya mwisho. Kwaya nzima ilikuwa kanisani, hata wale wavivu wa besi. Mama alipoingia walipiga vigelegele, wakamgusa mabega, wakasifu miwani. Akapanda kwenye kile kijukwaa chake cha mbao. Tukasimama. Mimi niko soprano, mstari wa pili. Mpiga kinanda akatoa sauti. Mama akainua mikono, akatupa ishara.

Kimya.

Hakuna aliyeimba. Mama akashusha mikono, akatutazama, akaomba sauti tena. Akainua mikono, akatoa ishara. Kimya tena. Nilifungua mdomo, nakuapia, nilitaka kuimba, lakini pumzi haikuwamo. Tulikuwa tumesimama watu wazima tukitazamana kama wanafunzi wangu siku ya mtihani. Uso wa mama ulianza kubadilika. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ju ya nini? Hamunitaki tena?"

Ni Mama Sifa aliyeelewa kwanza. Akaweka mkono mdomoni.

"Maestro, weye haujasukuma maluneti!"

Mama hakuelewa. Sote hatukuelewa, halafu sote tukaelewa kwa pamoja. Mama Sifa akamwambia, "Siku zote unasukumaka maluneti mbele ya kuanza. Ukisukuma, sisi tunavuta pumuzi. Ukiangusha mukono, tunaimba. Njo vile tulijifunza. Mama yangu pia alinifunza vile: angalia kidole."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Watu walioimba na mama zamani walifundisha watoto wao, na hao wakafundisha wengine waliokuja kutoka parokia nyingine, na hakuna aliyejua kwamba anafundisha pua ya mtu. Kijana mmoja wa tenor alikiri kwamba huko Kavimvira, wanakoimba marafiki zake, mwongozaji wao anajigusa pua kabla ya kila wimbo, na hana miwani. Tulicheka mpaka benchi zikalia. Mama alicheka pia, lakini nilimwona akijishika pua, si kwa kusukuma, kwa kuigusa tu, kama anaijua upya.

Wakamwomba asukume hivyo hivyo, kwa kuigiza. Akajaribu. Haikufaa. Zamani kidole kilipanda chenyewe, miwani ndiyo iliyokiita, na kilipanda kwa mapigo ya wimbo bila yeye kujua. Sasa alipokifikiria kilichelewa, na sisi tukaingia kila mtu na wakati wake, kama kuku waliofunguliwa. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Mtu mmoja nyuma akasema tuzirudishe plakete za zamani, kwa Jumapili moja tu. Na hapa naandika ukweli: moyo wangu uliitikia ndiyo. Nilitaka kidole kirudi. Nilitaka hata kitenge kirudi.

Lakini niliona kovu lake, bado jekundu, na sikusema neno.

Mama alishuka kwenye kijukwaa, akazunguka kidogo, akapanda tena. "Apana," alisema. "Nimewaongoza na mukono moja miaka yote hii. Sasa iko miwili. Muniangalie kinywa. Nikivuta pumuzi, na ninyi muvute."

Tulifanya mazoezi mpaka mlinzi wa kanisa akaja kutikisa funguo.

Leo kanisa lilijaa. Watu wa uwanda wa Ruzizi walileta mchele na mihogo, watu wa Bijombo walishuka na viazi na maziwa, na watu wa ziwani walileta mikeka ya ndagala ambayo ilinukia mpaka altareni. Wimbo wa kuingia tuliuharibu. Besi walichelewa, mimi mwenyewe nilivuta pumzi mara mbili. Utukufu ulikuwa afadhali. Wakati wa matoleo, watu wakija wanacheza na vikapu kichwani, mama aliinua mikono yote miwili, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: mkono wa kushoto wa mama una mambo yake. Mkono wa kulia ulishika mapigo, na wa kushoto ukawa unaita alto, unatuliza tenor, unatuomba soprano tusipige kelele. Ulikuwa mkono mwepesi, wa kijana. Ulifichwa wapi muda wote huo? Niliimba huku machozi yakishuka, na sikuweza kuyafuta kwa sababu nilishika kitabu.

Mama Sifa alinipitia baada ya misa, akaninong'oneza kwamba sasa atalala usingizi.

Tukarudi kabla ya mvua. Mama alikaa kwenye kiti chake, amechoka, ameridhika. Nikapiga magoti kumvua viatu. Nilivua kimoja. Nilipofika cha pili nikahisi mikono kichwani mwangu.

"Weye! Uko na mvi!"

"Ndiyo, mama."

"Tangu siku gani?"

"Siku mingi, mama."

"Na minye sikuona." Alikuwa ameinama juu yangu kabisa, miwani imetulia puani, anatenganisha nywele zangu kwa vidole vya mikono yote miwili, akitafuta nyingine. Kisha akasema, "Sijakusukaka hata siku moja. Unajua? Ulikuwa unasukwaka na Mama Sifa. Minye nikiinama, maluneti ilikuwa inaanguka kwenye kichwa yako, unalia."

Nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka tu magoti ya Mama Sifa, na kwamba nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtoto.

"Lete kitana," akasema. "Keti hapa chini."

Nikakaa. Mvua ikaanza kupiga bati. Mama hajui kusuka, hajawahi kujifunza. Alivuta pengine sana, pengine kidogo, akafumua, akarudia, akanilaumu kwa kutikisika. Mistari imepinda, upande mmoja ni minene na mwingine ni myembamba, na nyuma kuna kishungi ambacho alikata tamaa nacho akakiacha kisimame. Hakuacha kunung'unika kuhusu mvi. Nilikaa katikati ya magoti yake, mwanamke mzima, nikitamani kichwa changu kiwe kikubwa zaidi asimalize.

Sasa amelala. Mimi nimejiangalia kwenye kioo na kucheka peke yangu. Kesho asubuhi ni shule, na darasa la nne halina huruma kabisa. Watacheka. Nitakwenda hivi hivi.